Nani Hufika Kwanza Meli Ikizama?

Mbele ya Fort Jesus, pale mashua zinapopita kuingia Bandari ya Kale ya Mombasa, kuna meli ambayo hamjapata kuiona. Macho yenu hayana kasoro, wanangu. Meli hiyo imelala chini ya bahari tangu mwaka 1697, katika kina kisichozidi mita 20, na sehemu kubwa ya mwili wake imefunikwa na mchanga na tope.

Watu wakisikia habari ya meli iliyozama, huuliza kwanza kuhusu dhahabu. Meli nyingi hazikubeba dhahabu, basi tuliweke kando jambo hilo. Mimi swali langu ni jingine: meli ilipotua chini, nani aliifikia kwanza? Maana baharini wanaongoja wengi. Kuna tope, kuna mnyoo wa mbao, kuna kutu, kuna tumbawe, kuna chewa anayetafuta pango la kujificha. Na kuna binadamu mwenye biashara ya vyuma chakavu, ambaye naye msimsahau. Atakayetangulia ndiye anayeamua kama miaka mia tatu baadaye tutakuta meli, au tutakuta mchanga mtupu.

Nianze na pwani yenyewe, maana ndiyo inayozamisha. Kuanzia Lamu mpaka Mtwara, sehemu kubwa ya pwani yetu imekaa juu ya jabali la matumbawe ya kale. Zaidi ya miaka 120,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo, na matumbawe yaliota pale ambapo sasa watu wamejenga nyumba na kupanda minazi. Bahari iliposhuka, yakaachwa nchi kavu, yakawa jiwe. Ndilo jiwe walilochonga wazee kujengea misikiti na nyumba za Lamu, na Fort Jesus yenyewe imejengwa kwa jiwe hilo, juu ya jiwe hilo. Aliyewahi kulikanyaga bila viatu analijua: lina meno. Mawimbi yamelila kwa chini hadi likafanya mapango, na sehemu ya juu ikabaki imening'inia.

Mbele yake, ndani ya maji, upo mwamba wa pili, na huu ni hai. Mkisimama Nyali au Diani mtautambua kwa ule mstari mweupe ambapo mawimbi yanavunjika. Upande wa ndani maji ni matulivu, watoto wanaoga. Upande wa nje ni kilindi. Meli ikitaka kuingia, sharti ipite mlangoni, pale mwamba ulipoachana. Sasa ongezeni hili: wakati wa bamvua, maji ya Mombasa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Jiwe ambalo asubuhi lilikuwa wazi, na watu wakichokoa pweza juu yake, ikifika alasiri limezama na halionekani kabisa. Mpeni nahodha mgeni usiku wa giza, mumtie upepo wa kusi mgongoni, kisha malizieni hadithi wenyewe.

Haya, tushuke. Lakini kabla ya kushuka kuna hesabu, na naomba msiruke ukurasa.

Zamani mtu wa pwani alishuka kwa pumzi moja tu, akapanda na alichokipata. Mwaka 1943 Wafaransa wawili, Jacques Cousteau aliyekuwa afisa wa jeshi la majini na mhandisi Émile Gagnan, walitengeneza kifaa cha kumpa mpiga mbizi hewa kutoka kwenye mtungi kila anapovuta pumzi, tena kwa nguvu ileile ya maji yanayombana. Hilo la mwisho ndilo kiini cha jambo zima. Maji ni mazito. Ukiwa ufuoni unabeba uzito wa hewa iliyo juu yako, na mwili umeuzoea kiasi kwamba huusikii. Kila mita 10 unazoshuka, unaongezewa uzito mwingine kama huo. Kwa hiyo kwenye mita 10 unabanwa mara mbili ya nchi kavu, kwenye mita 20 mara tatu, kwenye mita 30 mara nne. Masikio ndiyo ya kwanza kulalamika. Mpiga mbizi hubana pua na kupuliza polepole mpaka yazibuke, kisha anaendelea kushuka. Asipofanya hivyo, anarudi juu na maumivu.

Mtungi wa kawaida hubanwa hewa ambayo, ikifunguliwa nchi kavu, ni kama lita 2,000 na ziada. Tuseme unatumia lita 20 kwa dakika. Ungekaa ufuoni na mtungi huo mdomoni ungedumu dakika 100. Kwenye mita 10 kila pumzi inahitaji hewa mara mbili, basi una dakika 50. Kwenye mita 30 una dakika 25, na hapo hujatoa akiba ya kurudia, ambayo hakuna mpiga mbizi mwenye akili anayeigusa. Ndiyo maana wapiga mbizi huangalia saa na kipimo cha mtungi kila mara hata mbele ya jambo la ajabu. Ukiingiwa na hofu unahema haraka, na ukihema haraka unakula dakika zako mwenyewe.

Kuna sheria moja inayofundishwa kabla ya zote: usizuie pumzi. Hewa uliyoivuta kwenye mita 10 itapanuka mara mbili ukifika juu, na mapafu hayana nafasi hiyo. Unapopanda, unapumua, tena unapanda taratibu. Utaratibu huo una sababu nyingine. Hewa tunayovuta sehemu kubwa ni nitrojeni, na ukiwa chini kwa muda mrefu nitrojeni huingia katika damu na nyama za mwili. Mmeona soda inayofunguliwa kwa pupa inavyofura mapovu. Damu ya anayepanda mbio hufanya hivyohivyo, na mapovu hayo yakikaa kwenye viungo au uti wa mgongo yanaweza kumlemaza mtu. Anayepanda kwa utaratibu, akasimama dakika chache karibu na mita 5 kabla ya kutoka, huipa nitrojeni nafasi ya kutoka kwa pumzi. Mashirika mengi ya mafunzo hukubali watoto kuanzia miaka 10, pamoja na mwalimu na katika kina kidogo. Ila kuogelea mnaweza kuanza kujifunza leo.

Jambo jingine litakalowashangaza chini kule ni rangi. Maji humeza nyekundu kwanza, kisha rangi ya machungwa, kisha manjano. Ukijikata kidole kwenye mita 20, damu yako inaonekana ya kijani iliyoiva, karibu na nyeusi. Samaki mwekundu huko chini hana haja ya kujificha, kwa sababu wekundu wake hauonekani mpaka mtu awashe tochi. Washeni tochi juu ya mwamba ulioonekana wa kijivu, mtaona umejaa zambarau na nyekundu ambazo zilikuwepo muda wote.

Sasa niwasimulie ile meli.

Mwezi Machi 1696 Waomani, watu wa Imam Saif bin Sultan, walikuja Mombasa kuizingira Fort Jesus, ambayo Wareno walikuwa wameishika kwa miaka mia moja. Mzingiro ule ulidumu miezi 33. Ndani ya ngome hawakuwemo Wareno peke yao. Walikuwemo pia Waswahili walioungana nao, na wanawake na watoto waliokimbilia kuta. Maradhi yakaingia na kuua kuliko mizinga. Ikafika wakati, mwaka 1697, makapteni wa Kireno wamekufa, na aliyeongoza ulinzi wa ngome ya mfalme wa Ureno alikuwa Mswahili, Sheikh Daud wa Faza. Vitabu vya shule hupita hapa kwa haraka ili vifike kwa mshindi. Mimi nikipata nafasi hukaa hapa, nikajiuliza mtu huyo alikuwa anawaza nini usiku akitazama moto wa kambi za Waomani.

Msaada ulitoka Goa, kwa bahari. Miongoni mwa meli zilizokuja ilikuwemo Santo António de Tanná, manowari ya mizinga iliyojengwa Bassein, India, kwa mbao za msaji. Ilifika mara ya kwanza mwezi Desemba 1696, ikaondoka, ikarudi tena Septemba 1697. Ikatia nanga mbele ya ngome kushusha watu na vyakula. Waomani nao walikuwa na mizinga. Kamba za nanga zikakatika, mkondo ukaichukua, ikapanda mwamba. Wareno walifanikiwa kuirudisha chini ya kuta zao, lakini ilikuwa imeumia vibaya. Tarehe 20 Oktoba 1697 ikazama. Mwaka uliofuata, mwezi Desemba, ngome nayo ikaangukia mikononi mwa Waomani.

Nani aliifikia kwanza? Wawili kwa pamoja, kila mmoja akachukua sehemu yake.

Meli ilitua mahali penye mteremko, ikalalia ubavu. Ubavu wa chini ukazama ndani ya tope. Ubavu wa juu ukabaki wazi majini. Ule wa juu ukawa chakula cha mnyoo wa mbao. Mafundi wetu wa majahazi wanamfahamu adui huyu tangu zamani. Umbo lake ni mnyoo, lakini ukoo wake ni wa chaza na kombe: kichwani ana magamba mawili madogo, na hayo ndiyo keekee yake ya kutobolea ubao. Huingia akiwa mdogo kiasi cha kutoonekana, kisha hukua humo ndani, hula, hurefuka, na kwa nje ubao unaonekana mzima. Siku utakapouponda kwa nyundo utakuta umebaki ganda. Kwa ajili yake jahazi hupandishwa ufuoni likakwanguliwa, likapakwa deheni upya. Santo António de Tanná haikuwa na wa kuikwangua.

Lakini ndani ya tope mnyoo hawezi kuishi. Oksijeni haifiki, na pasipo oksijeni hata vijidudu vya kuozesha hufanya kazi kwa uvivu mkubwa. Kwa hiyo mkuku wa meli, mataruma yake, mbao za ubavu wa chini na shehena iliyoporomokea huko vilikaa gizani karibu miaka mia tatu. Watoto wengi hudhani tope ni uchafu unaoharibu vitu. Katika habari hii tope ndilo lililotunza.

Miaka ya 1960 wapiga mbizi wa Mombasa wakaviona vitu vilivyochomoza chini. Kuanzia 1977 hadi 1980 Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na Taasisi ya Elimukale ya Majini kutoka Marekani, wakaichimba, kazi ikiongozwa na Robin Piercy. Kuchimba chini ya maji ni kazi ya subira iliyopita kiasi. Jembe halina maana huko, maana ukikoroga tope humwoni hata mwenzako aliye karibu. Hutumika bomba linalonyonya mchanga polepole na kuumwaga mbali, na mkono wa mchimbaji ukipunga maji kuelekeza tope mdomoni mwa bomba. Eneo lote hugawanywa kwa vipande vya mraba, na kila kinachoonekana huchorwa na kupimwa mahali pake kabla ya kuguswa. Kwa nini? Kwa sababu sahani peke yake ni sahani tu. Sahani iliyokutwa upande wa tezi, karibu na vitu vya maofisa, inakuambia nani alikuwa akila kwa vyombo vya Kichina na nani hakuwa. Ukiitoa bila kuandika mahali ilipokuwa, umebaki na pambo la kabati.

Na kumbukeni ile hesabu ya dakika. Mchimbaji wa nchi kavu hushinda juani mpaka jioni. Huyu wa baharini, nitrojeni inamhesabia. Anashuka, anafanya kazi kwa muda mfupi, anapanda, anampisha mwingine.

Walitoa mizinga, risasi, mitungi ya udongo, vyombo vya kauri kutoka China, na vitu vidogo vya watu waliokaa melini, maelfu ya vitu kwa jumla. Vingi vimehifadhiwa Fort Jesus, na baadhi mnaweza kuviona humo katika jumba la makumbusho. Meli yenyewe hawakuitoa. Waliipima ubao kwa ubao, wakaichora yote, kisha wakaiacha palepale na kuifunika.

Wapo wanaosikitika wakisikia hivyo. Wangependa isimame bandarini, watalii walipe kuitazama. Mimi naona uamuzi ule ulikuwa wa busara. Ubao uliokaa majini karne tatu, ndani yake mmejaa maji. Nguvu ya mti imekwisha, maji ndiyo yanayoushikilia umbo. Ukiuanika, unasinyaa na kupasuka. Waswidi waliitoa manowari yao Vasa mwaka 1961, ambayo ilizama 1628, na wakalazimika kuinyunyizia dawa miaka 17 mfululizo kabla ya kuiacha ikauke. Walikuwa na fedha na jumba la kuiwekea. Asiye na hivyo, bora aliachie tope liendelee na ulinzi wake. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 kuhusu urithi ulio chini ya maji, unaogusa vitu vilivyokaa humo miaka 100 au zaidi, nao unasema kuviacha vilipo kufikiriwe kabla ya lolote jingine.

Vuka nami sasa mpaka Unguja, ambako mambo yalikwenda tofauti.

Bandari ya Unguja imemeza meli nyingi. Tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vya Waingereza na Sayyid Khalid ambavyo havikumaliza hata saa moja, meli ya kifalme Glasgow, iliyokuwa ya Sultani Barghash, ilipigwa mizinga ikazama mbele ya mji. Maji hayakuwa ya kina kikubwa, basi milingoti yake mitatu ikabaki imechomoza juu ya maji. Fikirini mtoto wa Shangani aliyezaliwa mwaka ule: alikua hadi akawa kijana mkubwa, na kila asubuhi milingoti ile iko pale. Mwaka 1912 kampuni ya uokoaji ikaja ikaivunjavunja.

Miaka miwili baadaye ikaja zamu ya Waingereza wenyewe. Manowari yao Pegasus ilikuwa imetia nanga Unguja kutengeneza mitambo. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ikatokea na kuanza kufyatua. Mabaharia zaidi ya 30 walipoteza maisha, na wengi wao wamezikwa Chapwani, kisiwa kile kidogo mbele ya mji. Pegasus ikazama. Mwaka 1955 ikauzwa kwa ajili ya vyuma chakavu, na kilichobaki chini ni mabaki ya mabaki.

Königsberg yenyewe ilikimbilia delta ya Rufiji, ikajificha kati ya mikoko miezi mingi, mpaka Waingereza walipoifikia Julai 1915. Wenyewe Wajerumani wakaizamisha baada ya kupigwa, kisha wakaing'oa mizinga na kuiburuta nchi kavu kuendelea na vita. Mzinga mmoja wa Königsberg na mmoja wa Pegasus siku hizi iko pamoja Fort Jesus, watoto wanaipanda wakipigwa picha.

Kwa hiyo Unguja na Rufiji, aliyewahi ni binadamu na chuma chake. Simlaumu sana. Chuma kina bei, na watu wana njaa. Ila meli iliyokatwa vipande ikauzwa haiwezi kuulizwa swali tena, na pale penye watu waliokufa ndani, kuna jambo la heshima pia. Kaburi halivunjwi kwa sababu lina misumari mizuri.

Ipo nyingine huko Unguja, Great Northern, meli ya Waingereza ya kutandaza nyaya za telegrafu chini ya bahari. Iligonga mwamba wa Fungu, karibu na mji, katika mkesha wa mwaka mpya wa 1902. Iko kwenye maji ya kina kidogo, mita 12 hivi, ndiyo maana walimu hupenda kuwapeleka wanafunzi wa mwanzo huko. Hapo wa kwanza kufika alikuwa tumbawe.

Tumbawe ni mnyama, si jiwe wala mmea. Ni kinyama kidogo mno chenye mdomo na mikono midogo ya kunasia chakula, nacho hujijengea nyumba ya chokaa, kikaungana na mamia ya wenzake. Wakiwa wachanga huelea na mkondo wakitafuta mahali pagumu pa kujibandika. Mchangani hawawezi, mchanga unahama. Chuma cha meli kinawafaa. Katika miili yao huishi mimea midogo sana inayopika chakula kwa jua, na ndiyo inayowapa rangi. Maji yakipata joto kupita kiasi, mimea hiyo hutoka, tumbawe linabaki jeupe, na hali ikiendelea linakufa. Mwaka 1998 sehemu kubwa za miamba ya Afrika Mashariki zilipauka hivyo. Wazee wa pwani waliouona mwamba kabla ya mwaka ule na baada yake, waulizeni wawaeleze.

Likishatulia tumbawe, wengine wanafuata. Huja kitatange mwenye milia, huja mkunga na meno yake anayetazama tu kutoka shimoni, huja kambakochi. Huja pono. Mnamjua pono kwa usingizi wake, lakini hamjui kazi yake ya mchana: hutafuna jiwe la tumbawe kwa mdomo wake mgumu akitafuta mwani, kisha humwaga nyuma mchanga mweupe safi. Sehemu ya ule mchanga mnaojengea majumba ufukweni imepita tumboni mwa pono. Msinikunjie uso, ni kweli.

Na kwa kuwa binadamu ameona haya, siku hizi huzamisha meli kwa makusudi. Mwaka 2002, mbele ya pwani ya kaskazini ya Mombasa, ilizamishwa Dania, meli kuukuu iliyowahi kubeba ng'ombe. Imekaa wima kwenye mchanga, karibu na mita 30. Meli kama hiyo husafishwa kwanza: mafuta hunyonywa yote, nyaya na plastiki huondolewa, milango hung'olewa ili mtu asije akafungiwa ndani. Baada ya hapo hutobolewa matundu, maji huingia, na wanaoitazama hupiga makofi. Sasa imejaa samaki, na wapiga mbizi wengi huifuata.

Naifurahia Dania, ila nina neno. Meli iliyozamishwa si malipo ya mwamba uliouawa. Pale mtu anapovua kwa baruti, sekunde chache humaliza kilichoota kwa mamia ya miaka, maana tumbawe gumu hukua kama sentimita 1 kwa mwaka. Huwezi kuweka chuma hapo ukasema hesabu imelingana.

Mtaniuliza mnaruhusiwa kufanya nini mkifika kwenye meli iliyozama. Kuzunguka nje, kutazama, kuangaza tochi madirishani. Kuingia ndani ni mafunzo mengine kabisa, kwa watu wazima wenye kamba na tochi za akiba, maana ukipiga teke moja tu kutu na tope hupanda, na mlango ulioingilia haupo tena. Nyavu zilizokwama ni hatari kuliko papa. Na kipande hata kimoja, cha kauri au cha chuma, hakitoki. Kitu cha chuma kilichokaa baharini kimenywa chumvi. Ukikiweka juu ya kabati la mama, baada ya miezi michache kinamomonyoka chenyewe, na mama atakuuliza uchafu huu umetoka wapi.

Kazi haijaisha, tena si ya wageni peke yao. Caesar Bita wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya ameshughulika miaka mingi na elimukale ya chini ya maji. Huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, amechunguza mabaki ya meli yenye mikuo ya shaba na pembe za ndovu, inayodhaniwa kuwa ya Wareno wa karne ya 16, yaani kongwe kuliko Santo António de Tanná. Nyingine bado hazina jina, na nyingine hakuna mtaalamu aliyezifikia.

Mara nyingi anayetangulia kujua ni mvuvi. Nyavu zake zinakwama mahali palepale kila msimu, katikati ya mchanga ambako hakuna mwamba. Au changu na chewa wanapatikana kwa wingi mahali ambapo, kwa kawaida, hawakupaswa kuwapo. Kwake hapo ni mahali pa kukwepa au pa kufuata, wala hana haja ya kujua kuna nini. Basi mwenye babu anayevua, amuulize nyavu zake hukwama wapi, kisha aandike jibu pamoja na alama za nchi kavu anazozitumia kupatambua: mnara gani, mbuyu gani, kilima gani kinaonekana nyuma ya kipi. Apeleke makumbusho.